Kitabu Kisichosikika

Kila tunapokutana barazani sisi tuipendao kalamu, hatuachani bila ya kulalamika. Malalamiko yetu ni mengi, lakini moja limekwisha kuwa kiitikio: watoto wa siku hizi hawasomi. Mmoja atailaumu simu, wa pili atailaumu televisheni, wa tatu atawalaumu walimu, na mwishowe mzee wetu mmoja atatukumbusha kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Hapo sote hutikisa vichwa, tukamaliza kahawa yetu, kila mtu akashika njia yake.

Nimekitikisa kichwa changu mara nyingi mno, nami leo nataka kujiuliza maana yake. Methali ile ni ya kweli katika adabu na katika kazi. Mtoto huweza kukunjwa akazoea kuamka alfajiri, kuwaamkia wakubwa, kushika jembe au kasia. Lakini sijapata kumwona mtu aliyekunjwa hata akapenda. Kusoma kwa lazima twakujua sote, na wengi wetu tulikuacha siku ile ile tulipotoka katika chumba cha mtihani. Kupenda kusoma ni jambo jingine, nalo lina mlango wake. Dai langu katika makala haya ni kwamba kwa watoto wetu wa pwani na visiwani, hasa wale wa vijijini ambao majumbani mwao hamna kitabu, mlango huo ni sikio; na kwamba vitabu vingi tunavyowapa vimeandikwa kana kwamba sikio halipo.

Katika kijiji kimoja cha kaskazini ya Unguja, ambacho sitakitaja, nilipata kuonyeshwa kabati la vitabu la skuli. Mwalimu aliyenifungulia alijivuna nalo, na alikuwa na haki, kwani skuli nyingi hazina hata hilo. Vitabu vilipangwa kwa urefu, virefu nyuma na vifupi mbele. Karibu vyote vilikuwa vya Kiingereza, vimetoka ng'ambo katika maboksi ya msaada: mtoto anayelala na mbwa wake kitandani, mtoto anayecheza thelujini, bibi anayeoka mikate siku ya sikukuu isiyokuwa yetu. Nilikifungua kimoja, kurasa zikalia kwa upya. Nikauliza ni watoto wangapi waliokwisha kuviazima. Mwalimu akacheka kwa haya, akasema ufunguo hukaa kwa mkubwa wa skuli, na mkubwa huchelea visije vikachafuliwa.

Simlaumu mkubwa yule. Mtu aliyepewa kitu cha nadra hukilinda. Wala siwalaumu waliovileta, maana mwenye kutoa hutoa alichonacho. Ninalouliza ni jambo jingine: hata kabati lile lingeachwa wazi mchana kutwa, ni nani kijijini pale ambaye angeweza kumsomea mtoto kitabu kile? Mama hajui Kiingereza, na bibi hajui. Mtoto mwenyewe hukisikia katika vipindi vya darasani tu, kwani sera yetu ya elimu ya mwaka 2006 iliamua Hisabati na Sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, na mtoto wa miaka saba alikuwa bado yu mbali na darasa hilo. Kwa hiyo kitabu kile kingefunguliwa, picha zake zikatazamwa, kisha kikafungwa. Maneno yake yasingepita mdomoni mwa mtu yeyote anayempenda mtoto yule.

Sitaki nieleweke kuwa naidharau kazi ya kufikisha vitabu. Mwaka 1996 Maktaba ya Taifa ya Kenya ilianza kupeleka vitabu kwa jamii za wafugaji wa Garissa, na kwa kuwa gari halipiti kila mahali katika nchi ile ya mchanga na miiba, vitabu vikabebeshwa ngamia. Walianza na ngamia watatu. Habari ile ilienea duniani, na ilistahiki kuenea, maana ilimaliza ubishi mmoja: watoto wa wafugaji, wanaohama na mifugo yao, waliyakimbilia masanduku yale. Hapana jamii ya watu isiyotaka vitabu kwa tabia yake. Lakini masanduku yanapofunguliwa, suala huwa ni lile lile la kabati la kaskazini: kitabu hiki kinasema kwa sauti ya nani?

Wala kujua kusoma na kupenda kusoma si kitu kimoja. Tanzania iliendesha kampeni kubwa ya kuondoa ujinga wa kusoma na kuandika. Takwimu za serikali zilionyesha kuwa wasiojua kusoma walikuwa kiasi cha asilimia 67 mwaka 1967, nao wakashuka chini ya asilimia 10 ilipofika mwaka 1986. Ilikuwa kazi ya kujivunia. Hata hivyo, mwaka 2010 utafiti wa Uwezo uliofanywa Tanzania Bara ulikuta kwamba watoto saba hivi katika kila kumi wa darasa la tatu hawakuweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Sababu ni nyingi, na wataalamu wamezitaja: msongamano madarasani, upungufu wa walimu, njaa. Mimi si mtaalamu wa elimu. Niliachia skuli njiani, na nilichokijua baadaye nilikiokota kitabuni na redioni. Naomba niongeze sababu moja tu kutoka upande wetu sisi watunzi, nayo haigharimu fedha nyingi kuitibu.

Tulitazame neno lenyewe. Katika Kiswahili chetu cha pwani, kusoma hakujapata kuwa kazi ya macho peke yake. Maulidi husomwa, na maana yake ni kwamba mtu amekaa mbele za watu na sauti yake inasikika. Hitima husomwa. Utenzi husomwa, na aghalabu msomaji ana mahadhi yake ambayo watu humsifia kwayo. Mtoto wa chuoni husoma juzuu yake kwa sauti mpaka mpita njia akajua amefika sura ipi. Hata barua zamani zilisomwa: mwenye macho aliwasomea wasiojua, na ukumbi mzima ukalia au ukacheka pamoja. Kusoma kimya, mtu peke yake kwenye kiti, midomo imefumbwa, ni mgeni aliyekuja juzi. Ni mgeni mwema, nami nampenda, lakini tumemkabidhi nyumba nzima na kumtoa nje mwenyeji. Mtoto wa kijijini anapoambiwa akae kimya na kitabu, huambiwa aanze pale ambapo sisi wenyewe tuliishia.

Yupo mwenye kitabu alichokulia nacho na asiyekumbuka sauti ya mtu ndani yake? Changu kilikuwa cha hekaya za Abunuwasi, bila jalada, na kurasa za mwisho zimeliwa na mchwa. Mjomba wangu ndiye aliyetusomea, chini ya taa ya kandili, naye alikuwa msomaji mbovu: alisita, alirudi nyuma, alikosea vituo. Hatukujali. Alipofika pale ambapo mchwa walikuwa wamemaliza maneno, alitutazama akasema, "Haya, nyinyi malizieni." Nilijifunza kusoma vizuri ili nimpokonye kile kitabu.

Sasa nije kwenye vitabu vyenyewe, kwani hii ni safu ya uhakiki wala si ya kumbukumbu. Kisiwa hiki kilikuwa na fasihi ya watoto kabla ya kuwa na vitabu vya watoto. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha London ngano alizozipata kwa watu wa Unguja, na humo mna kisa cha punda wa dobi, ambamo kima aliye mtini anamponyokea papa aliye baharini kwa kumwambia kuwa moyo wake ameuacha nyumbani. Mwaka 1901 George W. Bateman alitoa huko Chicago, kwa Kiingereza, mkusanyo mwingine wa ngano za kwetu, na humo mna kisa cha mwalimu Goso. Nakirejea kisa hiki kila ninapoulizwa kitabu cha mtoto kiweje.

Goso alikuwa akiwafundisha watoto kusoma chini ya mti. Siku moja paa alipanda juu kuiba matunda, tunda likaanguka, likampiga mwalimu kichwani, akafa. Wanafunzi wakaapa kumtafuta aliyemwua. Wakaushika upepo wa kusi, kwa kuwa ndio uangushao matunda. Kusi ikajitetea: lau mimi ni mkubwa, ningezuiwa na kiambaza? Wakakiendea kiambaza, kikasema: lau mimi ni mkubwa, ningetobolewa na panya? Panya akamtaja paka, paka akaitaja kamba, kamba ikakitaja kisu, kisu kikautaja moto, na moto maji, na maji ng'ombe, hata mwisho wakamfikia paa, ambaye hakuwa na la kujibu.

Tazama kilichomo. Mna marejeo, ambayo humwezesha mtoto wa miaka minne kuotea jibu linalofuata na kulisema kabla ya msimulizi. Mna mwalimu wa kusoma anayekufa mwanzoni kabisa, jambo ambalo kamati yoyote ya leo ingelifuta. Mna swali zito, la nani hasa mwenye nguvu duniani, nalo halikufundishwa. Limeachwa mlangoni, mtoto ataliokota akikua. Na mwisho wake hauna fundisho lililoandikwa. Kisa hiki kikisomwa kwa sauti, hata na msomaji mbovu kama mjomba wangu, hakifi.

Kitabu cha tafsiri nacho kina darasa lake. Lewis Carroll alipomtoa Alice wake mwaka 1865, alitia ndani vijishairi vya upuuzi ambavyo mtoto wa Kiingereza wa zama zile alivicheka kwa sababu maalumu: vilikuwa vinadhihaki mashairi ya mawaidha aliyolazimishwa kuyahifadhi. Isaac Watts alikuwa ametunga shairi la kumsifu nyuki kwa bidii yake. Carroll akamweka mamba mahali pa nyuki, anayewakaribisha visamaki kwa tabasamu. Mtoto aliyekwisha kuchoshwa na nyuki alipomsikia mamba akaanguka kwa kicheko. Kitabu hiki kimeingia Kiswahili zaidi ya mara moja. Mwaka 1940 ilitoka London tafsiri iliyoitwa Elisi Katika Nchi ya Ajabu, na mchoraji akampa Elisi sura ya msichana wa Kiafrika. Mwaka 2015 ikatoka tafsiri mpya ya Ida Hadjivayanis, ambaye baadaye, mwaka 2022, alitufasiria Paradise ya Abdulrazak Gurnah kwa jina la Peponi.

Kazi hizo mbili zinastahiki uhakiki wao wenyewe. Hapa nataja mtihani mmoja tu unaomkabili kila mfasiri wa kitabu kile. Picha huweza kumvika Elisi sura ya kwetu, lakini mamba yule hafasiriki kwa kamusi. Mtoto wa Makunduchi au wa Wete hajapata kumsikia nyuki wa Watts, kwa hiyo hana cha kukicheka. Mfasiri hana budi kujiuliza: watoto wetu wamehifadhi nini? Wanaimba nini wakiruka kamba, wanakariri nini skulini? Akilijua hilo ndipo atakapopata wimbo wa kuuchezea. Asipolijua, atatoa maneno sahihi yasiyomchekesha mtu. Kwa maneno mengine, mfasiri wa watoto huanza kazi yake uani na uwanjani, kabla ya kukaa mezani.

Na sisi watunzi wa pwani tumewatungia nini watoto? Tunapoulizwa, upesi humtaja Mwana Kupona binti Mshamu, ambaye kwenye mwaka 1858 alimtungia bintiye utenzi ambao umesomwa majumbani mwetu tangu hapo. Ni kweli, na hapana haja ya kuusifu tena. Lakini utenzi ule ni wasia wa mama anayeuaga ulimwengu, kwa binti anayekaribia maisha ya mke. Tumeufanya kipimo cha kila kitu tunachomwandikia aliye mdogo kuliko sisi. Matokeo yake, mshairi wetu akimgeukia mtoto, hata awe wa miaka sita, hukohoa kwanza, kisha humwusia.

Ugonjwa huo wa kuusia umeingia vitabuni. Mwaka 1991 ulianzishwa Tanzania Mradi wa Vitabu vya Watoto, na mpango wake ulikuwa wa busara: mchapishaji achapishe, mradi umnunulie sehemu kubwa ya nakala na kuzigawa maskulini, ili asiogope hasara. Kwa njia hiyo vilipatikana vitabu vya Kiswahili, vyenye watu wa kwetu na vyakula vya kwetu, mahali ambapo havikuwapo. Faida hiyo ni kubwa, na wapo waandishi, kama Elieshi Lema, waliowaandikia watoto kwa heshima. Lakini nikichukua rundo la vitabu vyetu vya watoto kwa jumla, kutoka kwa wachapishaji mbalimbali, naona kuwa vingi vilianza na funzo, kisha hadithi ikatafutwa ya kulibeba: nawa mikono, usikate miti, usifuate wageni. Mtoto hujua tangu ukurasa wa pili ni nani atakayeadhibiwa. Na mwisho wa kitabu humngojea maswali matano. Hapana mtu mzima angekipenda kitabu cha namna hiyo. Kwa nini twamtaka mtoto akipende?

Nasema hayo nikijua kuwa na mimi nimo. Miaka kadhaa nyuma nilifasiri hadithi fupi za watoto kutoka Kiingereza, na nikazifanyia kazi kama nilivyozoea kuufanyia kazi utenzi. Nilitafuta maneno ya kale, yenye uzito, nikajiambia kuwa namrithisha mtoto hazina ya lugha. Mchapishaji mmoja aliurudisha mswada bila ya maelezo, nami nikamwona hajui Kiswahili. Alhamisi moja jioni, siku ambayo chuo hakisomwi, niliwakusanya watoto wa mtaani kwetu barazani pangu, kumi na wawili hivi, nikawasomea. Walikaa kwa adabu kubwa. Hakuna aliyecheka mahali pa kucheka. Wawili waliinamisha vichwa. Nilipofika mwisho na kukifunga kitabu, kijana mdogo aliyekaa mbele akajipangusa uso kwa viganja vyake viwili, akasema, "Amin."

Wenzake wakaitikia, "Amin."

Hakuwa akinifanyia mzaha. Amesikia mtu mzima akisoma kwa sauti nzito maneno mazuri asiyoyafahamu, na katika maisha yake kitu cha namna hiyo kina jina moja tu. Nililala usiku ule nikiwa na aibu ambayo sikupata kuiona kwa mhakiki yeyote. Nilikuwa nimewatungia watoto kitu cha kuvumiliwa.

Alhamisi iliyofuata sikuja na kitabu. Nilikuja na ubeti mmoja, wa mizani nane kama utenzi, kuhusu mdudu ambaye kila mmoja wao amemkimbiza:

Kaa yuko mchangani
Anakwenda ubavuni
Nikamuuliza: Kwani?
Shimoni akapotea.

Walitaka niurudie. Mara ya tatu walikuwa wakipiga makofi kwa mizani, na hakuna aliyewaambia mizani ni nini. Msichana mmoja, ambaye kwa umri wake alikuwa darasa la tatu, akadakia kabla sijaanza mara ya nne: "Kesho nitamngojea!" Hesabu, msomaji: ni mizani nane kamili, na kina kimekaa mahali pake. Nina rafiki zangu washairi ambao wangehitaji usiku mzima.

Nikachukua karatasi, nikaiandika mistari yote mitano kwa herufi kubwa, nikampa yule msichana asome. Akaitazama karatasi, kisha akanitazama. Akasema polepole, "Ami, mimi sijui." Alikuwa mmoja wa wale saba katika kumi. Nikamwonyesha mstari wa mwisho, nikamwambia huu ni wako. Akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akasema "Kesho," akakisogeza. Sitadai kuwa alisoma. Huenda ilikuwa ni kumbukumbu iliyokuwa ikifuata kidole. Lakini alipofika mwisho alirudi mwanzo wa mstari akaanza tena, kisha akapanda juu kwa kaa na mchanga kuona kama na hao wako pale aliposikia wapo. Karatasi ile hakunirejeshea.

Najua majibu nitakayopewa. La kwanza, kwamba ngano na vijibeti si kusoma, na kwamba tukimwachia mtoto sikio peke yake atabaki nalo. Ni kweli. Sikio ni mlango, na mlango si chumba. Ndiyo maana karatasi ni lazima iwepo, na kitabu kiwepo, na sauti iliyosikika jana ikutwe leo imekaa juu ya ukurasa, ili mtoto aone kuwa herufi ndizo zilizoihifadhi. Mjomba wangu angetusimulia tu bila kitabu, leo ningekuwa msikilizaji hodari nisiyesoma.

Jibu la pili ni zito zaidi: kwamba mkono mtupu haulambwi. Mzazi anayepima baina ya kitabu na kitoweo atachukua kitoweo, na hana kosa. Skuli isiyokuwa na madawati haitaanza na hadithi. Sina jawabu la umasikini, na ningekuwa mwongo kudai kuwa mashairi yataujaza mkeba wa unga. Nasema tu kwamba palipo na vitabu vichache, uchaguzi wa lugha yake ni jambo la kufa na kupona. Kijiji chenye vitabu mia tano kinaweza kumudu mia nne vibaya. Kijiji chenye vitabu kumi hakina nafasi ya kimoja kilicho bubu.

La tatu ni la wenzangu: kwamba kumtungia mtoto ni kushusha hadhi ya sanaa. Tumemfasiri Shakespeare, na Mwalimu Nyerere alitufanyia hivyo mara mbili, mwaka 1963 na mwaka 1969. Tunatunga majibizano ya beti thelathini. Je, tushuke hadi kwa kaa? Nawajibu kwa uzoefu wangu: wale watoto kumi na wawili ndio wasikilizaji wakali kuliko wote niliopata kuwasomea. Msomaji mzima, kwa ajili ya adabu au urafiki, atalivumilia neno lililotiwa kwa ajili ya kina tu. Mtoto wa miaka mitano huondoka. Mizani iliyopungua huisikia mguuni. Anayetaka kujua kama shairi lake lina uhai na alipeleke huko.

Basi naomba mambo matatu, na yote yamo ndani ya uwezo wetu. Kwanza, jarida hili, ambalo kwa miaka limetupa kurasa za kujibizana, litenge ukurasa mmoja katika kila toleo kwa tungo za watoto, nao uhakikiwe kwa ukali ule ule tunaouhakiki utenzi. Pili, wafasiri wetu wasipeleke mswada wa kitabu cha watoto kwa mchapishaji kabla ya kuusoma kwa sauti mbele ya watoto watano wasiokuwa wa nyumbani kwao, kwani wa nyumbani humhurumia baba yao. Tatu, kila mwenye baraza na awe na Alhamisi yake. Halitakiwi jengo, wala ufunguo. Watakiwa mkeka, kitabu kimoja, na mtu asiyeona haya kukosea vituo. Na bibi asiyejua kusoma asiachwe nje; yeye asimulie, na mjukuu aandike, kisha amsomee bibi maneno yake mwenyewe.

Mimi naendelea na Alhamisi zangu. Si wote kumi na wawili wanaokuja sasa. Wengine wamechukuliwa na mpira, na mvua za masika hutuvuruga. Ule mswada wangu wa zamani bado umo kabatini, safi kama vile vitabu vya kaskazini, na siku hizi naufungua mstari kwa mstari, nikiutoa maneno ambayo hayakupata kutoka mdomoni mwa mtu yeyote mtaani kwetu. Kazi ni ndefu. Mwenye beti za watoto na alete, zipokewe na zipimwe. Ninaloomba ni kwamba mstari wa kwanza usianze na "Enyi wanangu".